Limemwona Mwenyewe

Shemeji alizima gari, akashuka, akafunga mlango. Alikuwa amepiga hatua chache tu kuelekea jikoni aliposikia pumzi ndefu nyuma yake, fssss. Alipogeuka aliliona gari zima likishuka taratibu, nyuma kwanza, kisha mbele, mpaka likapiga magoti.

Mke wa kaka yake alikuwa anaanua nguo. Beseni likamponyoka.

"Umebonyeza nini?" aliuliza.

Hakuwa amebonyeza kitu.

Gari lilikuwa la Matope. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mume wa mwanamke huyu, kwa sababu Jumamosi zake zote alizimalizia porini, akipanda mawe na kuvuka mito, na aliporudi hungejua rangi ya gari wala yake mwenyewe. Badala ya springi za chuma, gari lile lilikalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Kwenye mawe aliijaza likanyanyuka, kwenye lami akaipunguza likashuka. Na tangu goti lake lilipovunjika huko porini, fundi alimwekea jambo moja zaidi: akiwa karibu, ufunguo wake ukiwa mfukoni, gari likizimwa linashuka lenyewe, ili asihangaike kuinua mguu.

Goti liliharibika, mikono ikabaki mizima. Mkewe alikuwa na kiwiko kisichonyooka tena. Kila jioni ile fssss ilimwambia kwamba mwenye nyumba amefika, na moyo ulimwenda mbio hata kabla mlango haujafunguliwa.

Kisha Matope akatoweka. Gari lilikuwa gereji wakati huo, likisubiri mifuko mipya kutoka ng'ambo. Mdogo wake alipata ujumbe mfupi kutoka simu yake: nimechoka, msinitafute. Baada ya hapo simu haikupatikana. Watu walishangaa. Kumwacha mke, sawa, wanaume huacha; lakini Matope kuliacha gari? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu mengi yalikuwa na mwanamke mwingine ndani yake.

Mkewe hakuonekana akilia sana. Alipaka geti rangi, akaziba paa lililovuja, akamwaga saruji kwenye banda la gari, akapanda maua dirishani, mambo ambayo mumewe aliyaahidi miaka nenda miaka rudi. Alianza hata kunenepa, na majirani wakamtania kwamba kuachwa kumemkubali. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa analala fofofo hadi kunakucha. Hakutaka kingine duniani ila usingizi ule usikatizwe.

Sasa gari lilikuwa limerudi, na siku hiyohiyo likapiga magoti.

Asubuhi alikuja fundi, yuleyule aliyelitengeneza. Alilala chini, akapaka maji ya sabuni kwenye mifuko na kwenye kila mpira wa upepo, akangoja kuona povu. Hakuona kitu. Akamwomba shemeji alitoe gari barabarani, alizime. Wakapiga soga kidogo, gari limesimama wima kama askari wa gwaride. Likarudishwa bandani, likazimwa. Fssss.

Fundi alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Halivuji," alisema. "Limemwona mwenyewe."

Mwanamke alishika nguzo ya banda. Aliuliza kama haiwezekani kuwa ni ule ufunguo mwingine. Fundi akamweleza kwamba ule anao shemeji, ni wa kuendeshea tu, na gari haliupigii magoti. Unaopigiwa ni mmoja, na huo Matope hakuwahi kumwachia mtu. Hata siku ile aliyoleta gari gereji aliutia mfukoni mwake, akatania kwamba huo analala nao.

"Basi yuko hapa," shemeji alisema.

Alikuwa amemkasirikia kaka yake, lakini zaidi alikuwa amemkumbuka, na hakujua aanze na lipi. Akaparamia ukuta wa nyuma, ambako kulikuwa na nyumba isiyokwisha kujengwa na majani marefu. Aliita jina la utani, kisha lile la nyumbani. Akasema kaka atoke wayamalize kama ndugu, hakuna atakayemlaumu.

Mwanamke alikuwa bado ameshika nguzo. Fundi alijua habari za kile kiwiko, kama mtaa wote ulivyojua, na alimwonea huruma. Alimsogelea, akamshauri kwa sauti ya chini aende kwa mama yake siku mbili tatu, asikae peke yake katika nyumba ile.

"Gari haliwezi kukosea, fundi?"

"Hiki ni chombo tu, mama. Hakina sababu ya kudanganya."

Kutoka juu ya ukuta shemeji alisema hamwoni mtu, kuna majani tu.

"Huko ni mbali," fundi alimjibu. "Ule ufunguo hausikiki ukiwa mbali hivyo. Shuka, tumtafute hapahapa."

Mwanamke alitazama sakafu yake ya saruji. Siku ile, kabla ya kuimwaga, alipekua mifuko yote ya suruali ya mumewe, akachukua pochi na simu. Mfuko wa shati Matope alikuwa ameulalia kifudifudi, na yeye hakuwa na moyo wa kumgeuza aione sura yake.