Mwizi wa Kilomita

Oili ilitoka nyeusi tititi, na hapo Mzee Futi akajua kwamba nyumbani kwake kuna mwizi.

"Hii imechoka, mzee," alisema fundi wa magari, akiisugua kati ya vidole. "Imefanya kazi."

"Kazi gani? Uliiweka juzijuzi."

Mzee Futi alikuwa mshonaji nguo, na jina hilo alipewa kwa sababu alipima kila kitu, hata chumvi. Gari lake lilitoka Jumamosi kwenda sokoni na Jumapili kwenda ibadani, basi. Siku nyingine yeye alikwenda dukani kwake kwa miguu, nalo likabaki uani. Oili aliibadilisha kila miezi sita, kwa kuwa zile kilomita elfu tano ambazo fundi humhesabia kwenye kibandiko cha kiooni hakuwahi kuzifikia hata siku moja. Sasa ni miezi miwili tu, na zimeshapita.

"Umemuuliza mama nyumbani?" fundi aliuliza, akijifanya anatafuta spana.

"Mama? Mama anaogopa hata baiskeli iliyoegeshwa."

Fundi akakohoa. Akamimina oili mpya, ile nyepesi, akasema ndiyo inayofaa safari fupifupi za kuzima na kuwasha. Mzee Futi hakuuliza ni safari zipi.

Kwake mshukiwa alikuwa mmoja tu: mkwe wake. Ufunguo wa kwanza ulining'inia msumarini nyumbani, na huyo ndiye aliyekuwa na wa pili; tena kila Ijumaa jioni alikuja kuliosha gari bila kuombwa. Tena alikuwa mfupi. Na kila Jumamosi Mzee Futi alipoingia garini, magoti yake yaligonga usukani, maana kiti kilikuwa kimevutwa mbele.

"Anaosha ushahidi," alimwambia mkewe jioni ile. "Jumapili wakija kula, namnyang'anya ufunguo mbele ya binti yetu. Na hapa asikanyage tena."

Mkewe alikuwa amepanda kigoda kushusha sufuria kabatini. Akashuka taratibu, akaipangusa sufuria ambayo haikuwa na vumbi.

"Mume wangu, utamwaibisha mtoto wa watu kwa jambo ambalo hujaliona kwa macho. Na binti yako atauweka wapi uso wake?"

"Basi nitaliona kwa macho."

"Haya. Ila kesho usipite njia ya zahanati, wameichimba tangu asubuhi."

Habari za barabara mkewe alizipata wapi, Mzee Futi hakujiuliza. Wanawake huambiana.

Ijumaa alifunga duka saa nne asubuhi, akanyata hadi nyumbani kama paka. Uani alikuta alama za matairi tu. Mlango ulikuwa umefungwa. Mkewe bila shaka yuko kwa jirani. Mzee Futi akaenda mbio mpaka kwa muuza duka wa kona.

"Niitie teksi. Nakwenda kazini kwa mkwe wangu, nimkamate na gari langu."

Muuza duka alikuwa mtu mwema, hakupenda kuwacheka wazee.

"Nimwite Taratibu," alisema. "Mtaa mzima unamtegemea. Wajawazito, wagonjwa, wote hupelekwa naye. Hata kwenye matuta hakutikisi."

"Taratibu? Mimi nina haraka."

"Atafika, mzee. Hajawahi kumwacha mtu."

Akageukia ukutani, akapiga simu, akanong'ona maneno marefu kuliko yanayohitajika kuita teksi.

Mzee Futi alisubiri juani, akiandaa ya kumwambia mkwe. Aliyapima maneno, akayakata, akayashona upya. Kila alipoyajaribu yalibana mahali, kwa sababu kijana yule alikuwa akimwita baba, na hakuwahi kumjibu vibaya.

Kisha akasikia mngurumo laini anaoujua, wa injini iliyotoka kubadilishwa oili.

Gari lilikata kona bila kutimua vumbi, likasimama miguuni pake. Kibandiko kipya cha fundi kilikuwa palepale kiooni. Kioo cha dereva kikashuka.

"Ingia mbele, mume wangu, na mlango usiubamize," alisema mkewe, kifua chake kikikaribia kugusa usukani. "Huyu mama hapa nyuma ameshikwa na uchungu. Tumfikishe hospitali kwanza, halafu nikupeleke kwa mwizi wako."