Nungunungu na Bustani Iliyochoka

Palikuwa na Nungunungu aliyechoka hadi kwenye ncha za miiba. Msimu ule hakupanda mchicha. Alimwaga mbegu za kunde bustani nzima, zilipotoa maua akazifyeka, akaziacha zioze palepale.

Jirani yake Ngiri, mchapakazi asiyeacha hata tuta moja wazi, akapita na jembe. "Utakufa njaa kwa uvivu huo, jirani."

Nungunungu aliona haya, lakini mgongo ulikataa kuinuka.

Msimu uliofuata mchicha wake ulistawi, majani mapana kama sahani. Wa Ngiri ulitoka wa manjano, mwembamba kama uzi. Ngiri akaja kichwa chini. "Umetia dawa gani?"

"Sina dawa. Udongo ulichoka kama mimi, nikaulisha kunde, ukalala. Wewe unalala kila usiku, jirani. Bustani yako hulala lini?"