Wifi wa Kliniki ya Alhamisi

Baadaye alidai kwamba jina lilijitokeza lenyewe kwenye kompyuta. Ukweli ni kwamba aliliandika kwa mkono wake, herufi kwa herufi, jicho moja likiwa mlangoni.

Alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali kubwa, na siku alipopewa nenosiri la kuingilia kwenye mfumo aliapa, mkono juu, kwamba habari za mgonjwa hazitatoka kinywani mwake. Kiapo hicho alikishika vizuri sana kwa wagonjwa asiowajua. Hao hata hawakuwa na utamu.

Aliyemkosesha raha ni mchumba wa kaka yake, fundi wa kushona mapazia, binti mpole mwenye tabia ya kumuuliza mtu ameamkaje kisha akangoja jibu kwa dhati. Kabla yake, kaka alikuwa mtu wa kujifungia chumbani hata wiki nzima, sahani ya chakula ikipoa mlangoni. Tangu ampate huyu, ananyoa ndevu, anakula mezani na wenzake, anapiga mluzi bafuni. Mama aliyaona hayo yote, akakata shauri kwamba mwanawe amelishwa kitu.

Sasa kompyuta ikamjibu karani. Jina la fundi mapazia lilikuwepo, na mbele yake: Kliniki ya Afya ya Akili, kila Alhamisi, mwaka mzima. Mengine yote yalikuwa yamefungwa, yakidai nenosiri la daktari. Karani hakuyahitaji. Alichokipata kilimtosha kabisa.

Jioni alimwambia mama, akamsihi iwe siri. Mama alimpigia simu shangazi, akasisitiza kuwa ni siri. Shangazi naye alijua kutunza siri, ndiyo maana aliwaambia watu wa ndani tu, ila ukoo wao ulikuwa mkubwa. Haikupita muda, hata mpambaji wa ukumbi akawa anamtazama bibi harusi kwa huruma.

Kikao kikaitwa sebuleni kwa mama. Kaka alikaa kwenye kochi kando ya mchumba wake, mikono ameibana katikati ya magoti. Shangazi alifungua kwa maneno matamu: kwamba hakuna anayemchukia mtu, kwamba ugonjwa ni ugonjwa, lakini kizazi cha watu hakichezewi, na katika ukoo wao, tangu enzi za mababu, hajawahi kutokea mtu wa namna hiyo. Mama aliitikia kwa kichwa. Karani aliinamisha macho kwa staha, kama mtu anayezisikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

Kisha shangazi akauliza lile lililowakusanya.

Binti alimgeukia kaka. Alimtazama, akamngoja, akazidi kumngoja. Kaka alikuwa akilichunguza zulia.

"Ni kweli," binti akasema hatimaye. "Naenda kila Alhamisi. Sijawahi kukosa."

"Na ulipanga kutuambia lini?"

"Haikuwa juu yangu kusema."

Jibu hilo likamaliza kesi. Shangazi alimnong'oneza mama kwamba wagonjwa wa aina hiyo ndivyo walivyo, wao wenyewe huwa hawajijui.

Binti alivua pete, akaiweka mezani karibu na biskuti ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Pale mlangoni alimshika karani mkono, akamwomba jambo moja tu.

"Wifi, Alhamisi isipite hivi hivi."

Karani alimwahidi kwa sauti ile laini wanayosemeshwa watoto wadogo, na binti alipogeuka tu, akazungusha kidole kando ya kichwa ili walioko sebuleni wamwone. Shangazi alicheka hadi akafuta machozi. Kaka alinyanyuka, akaenda chumbani na kufunga mlango, na mama akamsifu kwa watu kwamba amelipokea jambo hilo kiume.

Alhamisi ilipofika, karani alikuwa kaunta, moyo mweupe kabisa. Alikuwa akiwasimulia makarani wenzake jinsi ukoo ulivyoponea chupuchupu, bila kutaja jina la mtu, maana alikuwa na maadili yake, ila alitaja kazi, mtaa na rangi ya gauni alilokuja nalo kikaoni. Wenzake walikuwa bado wanatikisa vichwa nesi wa kliniki ya akili alipotokea. Nesi alifunga mlango nyuma yake, akawasogelea, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu, kwani mambo ya wagonjwa hayasemwi hadharani.

"Naomba mnibadilishie jina kwenye mfumo, pale kwenye sehemu ya msindikizaji," alisema. "Yule fundi mapazia hatamleta tena mgonjwa wetu. Mwenyewe yuko kwenye benchi, amejikunyata, hataki kuingia peke yake. Anasema tumwandike dada yake, karani wa hapa hapa mapokezi. Ni yupi kati yenu?"