Chupa ya Maji ya Bahari

Sheria ilikuwa kwamba familia ikitoka pwani, mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuikumbuka safari. Wengine hufutiwa siku zao getini, kwa kofia isiyouma hata kidogo.

Atupele alishaamua tangu kwao Tukuyu: kumbukumbu ni ya binti yake Sekela, wa miaka kumi na mitano. Siku mbili nzima msichana alijifungia hotelini na simu yake, mama akavumilia. Siku ya tatu Sekela akaingia majini na nguo zake, akaonja, akatema, akacheka mpaka akaketi mchangani.

"Mama, njoo! Kumbe ni chumvi kweli!"

Walicheza majini hadi vidole vikakunjamana. Wakajaza chupa maji ya kumpelekea bibi, kama wafanyavyo watu wa bara.

Getini, Atupele alikwenda msalani mara moja. Aliporudi, Sekela alikuwa anaivua ile kofia.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa nini nini, mama?"

Ndani ya basi Sekela aliiona chupa, akaifungua, akaonja, akatema nje ya dirisha.

"Kumbe ni chumvi kweli," akasema, bila kucheka. Kisha akauliza, "Mimi nilifurahi?"

"Sana, mwanangu. Sana."

Labda mtoto alimwachia kwa mapenzi. Labda hakuona cha kukumbuka. Jibu alikuwa nalo mtu mmoja tu, Sekela yule aliyecheka mchangani, na huyo walimwacha getini.