Darasa la Uani kwa Mwalimu Nikolaus

"Fearless!"

Dafrosa akasimama nje ya uzio wa minyaa, begi mkononi. Ilikuwa sauti ya baba yake, ile ya puani, na kile kikohozi kifupi kabla ya kila neno.

"Maana yake?"

"Asiye na woga!" watu wakaitikia kwa pamoja kutoka uani.

Safari nzima ya treni kutoka Dar hakutia kitu mdomoni. Shangazi Apolinaria alimpigia simu, akasema maneno machache tu: baba yako anaumwa, njoo upesi. Kumbe mzee amesimama, anafundisha!

Mwalimu Nikolaus alifundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu akaendelea kufundisha uani kwake Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Maneno aliyapanga kwa mikia yake, kila wiki mkia mmoja. Ule wa "less" ndio aliourudia kuliko yote. Alisema huo ni mkia wa huzuni: popote unapoukuta, ujue kuna kitu mtu amekikosa.

Miaka sita iliyopita, mbele ya darasa hilohilo, alimwita Dafrosa careless, asiye makini, kwa kuwa alikuwa amepata mimba akiwa kidato cha tatu. Dafrosa naye akasimama, akamrudishia: heartless. Akatoa na maana yake, asiye na moyo, kwa sauti ya kusikika, kama alivyofundishwa. Wanafunzi wote wakainamisha vichwa. Kesho yake akapanda treni, na tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Mtoto sasa alikuwa na miaka mitano, hamjui babu yake.

Alikuja kuliondoa neno lile. Hakuwa na haja nyingine. Ya kusema alikuwa ameyapanga tangu Morogoro.

"Tireless!"

"Asiyechoka!"

"Ndio babu zetu Wanyamwezi hao! Walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, wala hawakuchoka. Wakafika kule, wakawamalizia Wazaramo chakula chote. Shameless!"

"Wasio na haya!"

Kicheko kikalipuka. Mwanamke mmoja alicheka mpaka sauti ikampasuka. Hicho kipande cha Wazaramo Dafrosa hakuwahi kukisikia, na baba yake hakuwa mtu wa mzaha darasani. Ugonjwa umemlainisha, akawaza, na machozi yakamlengalenga. Mtu aliyelainika hivyo atamsikiliza.

Akageuka kumlipa mwendesha bodaboda. Yule bwana alikuwa amevua kofia.

"Hapa kwa Mwalimu sichukui nauli, dada," akasema. "Nenda tu ndani."

Dafrosa akaona fahari kidogo. Kumbe watu bado wanampenda mzee wake.

Aliogopa kwamba akimtazama usoni maneno yote yatamtoka kichwani. Akapita langoni ameinamisha uso, akakata katikati ya watu waliokaa chini, mpaka akaliona mbele yake pindo la lile koti la kaki la kufundishia. Akaweka begi chini. Akapiga magoti, kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Kicheko kikakatika.

"Lile neno halikuwa kweli," akasema haraka, kabla moyo haujamgeuka. "Moyo ulikuwa nao, mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nililitamka mbele ya watu, na leo naliondoa mbele ya watu. Nisamehe, baba. Mjukuu wako anakuulizia kila siku, na mimi sina la kumjibu."

Hakuna aliyeitikia marahaba. Mahali fulani nyuma yake shangazi Apolinaria akaanza kulia, na wanawake wengine wakamfuata.

Mkono wenye vumbi la chaki ukamshika bega.

"Inuka, mwanangu," ikasema sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu wa pwani.

Dafrosa akainua macho. Alikuwa Pazi, mtani wao Mzaramo, akimwigiza mzee kama ilivyo desturi ya watani misibani, kavaa koti na miwani ya marehemu.