Simu Isiyoogopa Maji

Baba mkwe aliinua simu yake juu ya beseni la kuoshea kahawa. Wanaume sita wa hapa kijijini Ukata waliacha kumenya kahawa wakamtazama.

"Hii haiogopi maji," alisema. "Muulizeni mkwe wangu."

Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia. Niliona kwenye video za kampuni moja ya Dar inayofungua simu mpya na kuzijaribu mtandaoni. Walitumbukiza moja kama hii kwenye ndoo huku wakicheka. Mwaka wa nne sasa nawaangalia kila jioni. Wamenifundisha mengi, na hakuna anayenichekesha kama wao.

Asubuhi ya leo wametoa video nyingine. Walikiri kwamba simu ya kwenye ndoo haikuwa ile inayouzwa madukani. Waliomba radhi kwa dakika moja, kisha wakataniana kama kawaida, nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi.

"Si ndiyo, mwanangu?"

Kwetu mke wa mtoto hambishii baba mkwe mbele ya wanaume. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono imejaa ute wa kahawa.

"Baba, ngoja kidogo," nilisema, kwa sauti ile ile ninayomwamkia nayo.

Alidhani naona haya. Akabonyeza wimbo, wasikie simu ikiimba ndani ya maji. Ikatoka sauti ya marehemu mama mkwe, Walburga, akiimba kanisani, kigangoni. Hatuna sauti yake mahali pengine popote.

Walburga alikuwa kwenye ubeti wa pili mkono wa baba ulipozama.