Wiki ya Kukabidhi Mlango

Sheria ilitaka muuzaji na mnunuzi wa nyumba waishi humo pamoja siku saba, kwa sababu milango ilifunguka kwa kuwatambua watu, na ilihitaji wiki nzima kuwajua wapya na kuwasahau wa zamani. Ndivyo Mama Nyangeta, mjane wa Musoma, alivyojikuta akila ugali sahani moja na wanunuzi wake, Bhoke na mumewe Magoti.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Mama Nyangeta angeweza kunyamaza, lakini alimshika Bhoke mkono akampeleka stoo.

"Nyumba usiinunue kwa kuiona kiangazi tu, mwanangu. Tazama pale juu."

Maji yalichuruzika ukutani. Bhoke akaangua kicheko. "Mama, ile tuliyoikataa ilivuja hadi sebuleni, na mwenyewe akatuambia ni jasho la ukuta!"

Mvua ilipokatika, Magoti alipanda na bati jipya, wanawake wakimwelekeza kwa vigelegele.

Walitia saini siku ya saba, naye Mama Nyangeta akahamia kwa bintiye, mtaa wa pili. Jumapili alirudi na sato wawili wakubwa, akasimama mlangoni.

"Karibu, mgeni," mlango ulisema. "Nani mwenzetu?"

Kabla hajajibu, Bhoke alikuja mbio akamfungulia na kumkumbatia. Walikaanga samaki, wakala, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Alipokuwa njiani kurudi ndipo Mama Nyangeta alipokumbuka kwamba alikuwa amemwuliza Bhoke choo kiko upande gani.